Muguu Wangu Ulimupiga Dokteri Teke

Nikiwa kijana, mawese ya moto yalinimwagikia muguuni pale kwenye presi yetu ya kukamulia mafuta, hapa Rumonge. Alama ya kuungua ikanyamaza miaka yote. Uzeeni ikafungua mudomo, ikaota nyama kama kabeji.

Bujumbura wakasema kanseri. Munganga wa kwanza alikuwa anaongea kwa pua: "Mukecuru, bibi yangu, tu-ta-kata. Hapa." Akaonyesha juu ya goti na kalamu.

"Kata wako kwanza, nione unavyopona."

Niliiga ile pua, chumba kizima kikacheka. Lakini kazi yangu ni kusukuma muti wa presi, kuzunguka na kuzunguka mpaka mafuta yatoke. Na muguu mumoja nitazunguka wapi?

Binti yangu akasikia iko dokteri mwingine, mwenye mashine ya umeme. Tukamukuta mutoto tu, ndevu bado zinapiga hodi, sauti kama padri anaomba sadaka: "Mama, dawa iko na nguvu, lakini seli za kanseri zinaikatalia kuingia. Umeme unazitoboa vitundu kidogo, dawa inaingia, vitundu vinajifunga."

"Kumbe ni kama chikichi," nikasema. "Mbichi haikamuliki. Unaipika kwanza, inalegea."

"Karibu hivyo, mama."

Binti yangu akalia kama kuku ameona mwewe: "Na umeme ukikatika katikati?"

"Mashine inajiwekea umeme wake kabla," dokteri akajibu.

Siku yenyewe dokteri akafungua bandeji, akaganda. Nilikuwa nimepaka mawese, mengi, kama tunavyopaka kidonda kwetu. Ningekwendaje kwa watu na kidonda kikavu?

"Mama! Mafuta yanazuia umeme!" Upadri ukaisha, akawa konvuayeri wa basi anayefokea abiria. Wakanisugua kama sufuria. Halafu ganzi, halafu dawa, halafu visindano vya ile mashine.

"Hutaumia. Muguu utaruka kidogo."

Tak! Muguu ukaruka wenyewe, ukamupiga dokteri tumboni. Tak! Tena.

"Pole, dokteri, si miye. Umeuamsha mwenyewe."

Binti yangu alikuwa anasali huku anacheka.

Wiki zikapita, kabeji ikawa nyeusi, ikakauka, ikadondoka. Tukarudi. Yule dokteri mutoto akabonyeza alama, akabonyeza tena, muda murefu.

"Hatukati," akasema. "Lakini utakuja nikuangalie kila mara. Inaweza kurudi."

Nikainama, nikapapasa chini ya kitanda.

"Mama, leo humuigi dokteri?" binti yangu akauliza.

"Niache. Natafuta kiatu cha pili, miguu bado miwili."