Kilio cha Bibi Kwenye Kaseti

Wimbo wa mwisho upande wa kwanza wa kaseti ile ni mama yangu anamlilia bibi yangu. Anamlilia vizuri mno. Tatizo ni kwamba siku alipouimba, bibi alikuwa mzima wa afya, yuko kwao milimani Umatengo anapalilia ngoro zake, yale mashimo ya kulimia ya kwao.

Mpaka leo nikiusikia mwili unanisisimka, kisha naona aibu kwa kusisimka. Mama wimbo ule ulimtesa. Mimi naupenda, na sijui nimwombe nani radhi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofanywa huria. Maduka ya mtaa wa Majengo yalijaa vitu ghafla: redio kaseti, mitumba, sabuni za kila rangi. Watu wa filamu nao wakaja. Walikuwa wanatengeneza sinema ya maisha ya milimani, wakitaka nyimbo za zamani za kuweka ndani yake. Mama alikuwa Mmatengo aliyeolewa Songea mjini, tukikaa mtaa wa Lizaboni, na sauti yake ilijulikana kwaya nzima. Mtu fulani mwenye mdomo mwepesi akawaelekeza kwetu.

Walifunga vinasa sauti vyao sebuleni. Madirisha waliyaziba kwa mablanketi yetu, na jogoo wa jirani akafungiwa chooni asije akaharibu kazi. Mama aliimba nyimbo za kutwanga, za kubembeleza watoto, za harusi. Alikuwa anafurahi, tuseme kweli, na alivaa kitenge cha Pasaka. Ndipo fundi wa sauti, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Mama, kuna mahali kwenye filamu binti anafiwa na mama yake. Kilio cha kwenu kinaimbwaje?"

Mama akakataa. Kwao kilio hicho huanzishwa na binti mkubwa, na lazima amtaje marehemu kwa jina lake. Bila jina hakiendi. Wakambembeleza, akajaribu kwa jina la kubuni; sauti ikatoka kavu, mwenyewe akacheka. Akajaribu jina la babu, ambaye alishafariki zamani, lakini maneno yale ni ya jikoni, ni ya kumlilia mama, akashindwa kuyatamka. Kisha akajifunika kanga kichwani, akaimba kwa jina la bibi.

"Mama, umeacha chungu motoni, nani ataepua?" Hivyo ndivyo yanavyokaa kwa Kiswahili. Msibani, wanawake huitikia: nani ataepua. Siku ile hapakuwa na wa kuitikia, maana sisi tuliokuwepo tuliambiwa tusikohoe hata kidogo. Kwa hiyo kila baada ya mstari mama aliacha nafasi yao, na nafasi ile ikabaki kimya. Fundi alifuta machozi. Mama alipomaliza alitoka uani, akatema mate mchangani, akasema, "Yaishie hapa hapa."

Hayakuishia. Filamu yenyewe hatukuiona, ila kaseti ya nyimbo zake ilifika Majengo, na mwenye duka mmoja akawa anaipiga kutwa nzima. Watu wa Bombambili walimsimamisha mama njiani kumpongeza. Mwanzoni alitabasamu. Baadaye akaanza kuzunguka mbali asipite duka lile. Zikija habari kwamba bibi ana mafua, aliacha sahani yake bila kuigusa. "Mimi ndiye nimemwita," alikuwa akisema. "Nimemwita kwa jina, kwa sauti yangu."

Tulimfariji kwamba huko juu kaseti haitafika. Uongo mtupu. Kahawa siku hizo ilikuwa inanunuliwa na yeyote mwenye gari na mizani, na wanunuzi hao wapya walipanda milimani na pikapu zao wakipiga muziki ili wakulima wasogee. Mmoja wao akaona atawapendeza wenyeji kwa nyimbo za kwao. Bibi alikuwa kwenye foleni, mzigo wa kahawa kichwani, aliposikia binti yake anamlilia. Watu wote waligeuka wakamtazama yeye.

Wiki haikuisha, akashuka mjini. Mama alikuwa anasonga ugali alipomwona anaingia uani. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, unga ukamwagika, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimpita pale pale chini, akaja kwangu.

"Mke mwenzangu," akaniambia, kama alivyozoea kunitania, ila uso haukuwa wa utani. "Hebu niwekee huo msiba wangu niusikie."

Nikaleta redio na kaseti yetu, nikaweka. Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, akasikiliza mpaka mwisho. Mama bado alikuwa amepiga magoti, machozi yanamdondokea kwenye unga uliomwagika. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya yote hayo nilikuwa nausikia ulivyo mtamu.

"Umeimba vizuri," bibi akasema. "Mimi mama yangu sikumlilia hivyo." Alivuta pumzi. "Basi nimeshaliliwa. Siku yangu ikifika, usifungue mdomo. Sitaki binti yangu anizike mara mbili."

Halafu akasema, "Marahaba," akaomba maji ya kunywa.

Neno lile tulibishana juu yake kwa miaka mingi. Mimi nilisema ndiyo msamaha wenyewe. Mama alinikatalia. "Msamaha gani huo," aliniuliza, "unaomfunga mtu mdomo?"

Bibi alivuna kahawa misimu mingi baada ya hapo. Alipofariki tulipanda kwenda kumzika. Wanawake walikaa wakimsubiri binti mkubwa aanzishe. Mama alikuwa ameng'ata pindo la kanga, na sauti haikutoka. Wakasubiri mpaka ikawa aibu. Mwishowe mama mdogo, mdogo wake, akaanzisha, na nyuma yangu nikamsikia mmoja akinong'ona, "Sauti yake kaiacha kwenye redio." Nilitaka kumgeukia nimjibu. Mama akanibana mkono, akatikisa kichwa.

Tuliporudi Lizaboni, hata mabegi hatujafungua, akaniambia, "Weka ile kaseti."

"Mama, si bibi alikataza?"

"Alikataza nisimlilie tena. Huo si mwingine. Ni ule ule."

Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu kama wafiwa wanavyokaa, akajifunika kanga. Sauti yake ya zamani ikamtaja bibi kwa jina, ikauliza nani ataepua. Pakafika pale palipoachwa kimya, na mama akaitikia, kwa sauti ya chini, iliyokwaruza. Ile ndiyo mara pekee ambayo sikuusikia utamu wa wimbo ule. Mstari wa pili ulipofika nilikuwa nimeshakaa kando yake, tukaitikia wote wawili.