Mgeni Asione Shida

Orpa alisema mpaka mate yakamkauka. Alisema kanisani, akasema kwenye bomba la maji, akasema tena kwenye mkutano wa wazazi pale Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: "Muache shule vile iko! Madamu aone!" Nani alimsikiliza? Hakuna. Papa Anatole, perezida wa komite ya wazazi, alimtazama kana kwamba amesema watoto wampokee mgeni wakiwa uchi.

"Mama Sonia," akasema kwa ule upole wake unaoudhi, "mugeni anatoka Mbarara. Atakaa wapi? Ku jiwe?"

"Ku jiwe, ndiyo! Batoto yetu banakaa wapi?"

"Aa, mama. Ile ni haya mingi."

Haya! Orpa aliketi, akavuta kitenge chake kwa hasira hadi fundo likafunguka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali inasema shule ya msingi ni bure, na si uongo wote: kila muhula inatuma hela kidogo kwa kila kichwa cha mtoto, nazo zinaishia kwenye chaki na kufuli la mlango. Mshahara wa mwalimu ni habari nyingine. Huo serikali inamlipa yeye moja kwa moja, lakini lazima kwanza apewe nafasi, yaani jina lake liingie kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwalimu Nuwagaba, kijana wa hapo hapo Isingiro aliyefundisha darasa la sita na la saba peke yake, hakuwa na nafasi. Kule Kongo, Kivu Kusini alikotoka Orpa, wazazi wangechanga, mchango unaitwa prime, na ambaye hakutoa mtoto wake anarudishwa nyumbani. Hapa mwalimu mkuu haruhusiwi kumfukuza mtoto kwa sababu ya hela, maana shule ni bure! Basi Nuwagaba akawa analipwa maharage. Aliyenayo anapeleka bakuli, asiyenayo anapeleka salamu.

Sasa kijana wa watu amechoka. Amesema wazi kwamba mwezi huu ukiisha bila nafasi, anakwenda Kikagate kuuza nguo na shemeji yake mpakani. Na Sonia, binti wa Orpa, ana mtihani wa darasa la saba mwaka huu huu. Nani atamfundisha hesabu? Papa Anatole?

Kwa hiyo iliposikika kwamba Madamu Kembabazi wa ofisi ya elimu mjini Mbarara anakuja kutazama shule zipi zimekosa walimu, ili ziongezewe, mtu mwenye akili angeelewa la kufanya. Wapi! Wakabeba viti vya plastiki vya kanisa. Wakaazima madawati shule ya jirani. Uwamariya wa dukani akatoa pazia lake lenye maua, likafunika ubao uliopasuka. Na juu ya yote, wakaenda kuwaomba waimbishaji wawili wa kwaya wavae suruali safi, washike chaki, wasimame mbele ya watoto, ili mgeni asikute darasa halina mwalimu. Yaani shule inayotafuta mwalimu ikaazima walimu!

Madamu akaja. Akaimbiwa, akapewa soda, akachungulia darasa moja baada ya jingine, na kila alipochungulia palikuwa na mtu na chaki. Akafurahi. Kisha, akiwa anaelekea kwenye gari, akasimama mbele ya Orpa.

"Nyabo," akamwita kwa heshima kama mama, "hapa shida iko?"

Ndiyo hiyo nafasi! Orpa akafungua mdomo. Mgeni alikuwa ametoka mbali, viatu vyake vimejaa vumbi, chupa ya soda iko mkononi, anatabasamu. Toka azaliwe, Orpa hajawahi kumlilia mgeni mlangoni.

"Hatuna neno, madamu," akasema. "Tunashukuru Mungu."

Na akapiga goti kidogo!

Gari lilipoondoka alijiona mjinga kuliko wote. Anatole angalau hakujua anachofanya. Yeye alijua, alikuwa amepiga kelele wiki nzima, halafu ulimi wake mwenyewe ukamsaliti. Hakula siku ile. Asubuhi alipanda gari la kwanza pale Base Camp, katikati ya kambi, akaenda Mbarara na tumbo tupu.

Madamu Kembabazi alimtambua mara moja. "Nyabo wa Nakivale! Karibu, karibu. Umekula?"

"Nimeshiba, aksa..."

Orpa akajishika mdomo. Ee Mungu, hata hapa?

"Hapana, madamu," akasema. "Sijakula. Na jana nilikudanganya. Jana ulikuwa mugeni wangu, na mugeni hatumulilie. Leo mimi ndiye mugeni kwako. Unipokee."

Akamwaga yote, chozi likimtoka kwa hasira.

"Banange! Na wale walimu?"

"Ni ba kwaya."

"Viti?"

"Vya kanisa."

Madamu alicheka, kisha akakasirika, na alikuwa na haki. "Mimi nilisema hii shule iko sawa! Shule mingi inalia, nyabo, na nafasi imebaki moja tu. Siwezi kupatia nyinyi kwa maneno ya mdomo. Lazima nione na macho yangu. Nakuja kesho. Usiambie mtu."

Akamwagizia chai na chapati, na Orpa akala zote bila kujibaraguza.

Jioni Papa Anatole alimkuta akishuka garini. "Mama Sonia! Habari ya Mbarara?"

"Hakuna neno, papa."

"Madamu hatarudia?"

"Nimesema hakuna neno!"

Kesho yake Orpa alijifanya amepeleka maharage shuleni, akabaki hapo. Viti vilikuwa vimesharudi kanisani, madawati shule ya jirani, pazia liko dukani, wanakwaya wako shambani. Watoto wa darasa la sita walikaa kwenye mawe wakitazama ukuta huu, wa darasa la saba wakitazama ule, na katikati Mwalimu Nuwagaba akigeuka huku na huku, sauti imemkauka. Madamu alifika bila kupiga hata honi. Alisimama mlangoni, akatoa kalamu, akaingia.

Habari zilimfikia Anatole. Huyo anakuja mbio, jasho linamtoka, kiti cha plastiki kichwani.

"Papa Anatole," Orpa akamzuia, "rudisha ile kiti!"

"Mama, mugeni! Atakaa wapi?"

Orpa akamwonyesha kwa kidole. Madamu alikuwa ameshakaa, juu ya jiwe, kando ya Sonia, kalamu iko mkononi.