Amplifaya Iliyotunzwa Kama Mbegu

Mjusi aliyeungua hanuki kama nyama. Niliigundua harufu yake mchana mmoja wa kiangazi hapa Same, baba mdogo alipochomeka kwenye soketi amplifaya ya gitaa aliyoipata Lembeni, tukakaa kusubiri valvu zipate joto. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa kwenye redio na amplifaya za zamani. Haviamki haraka. Unaona kwanza uzi mwembamba wa rangi ya chungwa, halafu kioo chote kinaanza kung'aa, halafu ndipo sauti inakuja. Siku hiyo kilichotangulia kilikuwa harufu, kama nywele zinazoungua zimechanganywa na dagaa waliolala.

Baba mdogo alizima. Alichomoa waya, akagusisha bisibisi ndani ili kumaliza umeme unaobaki kwenye mashine hizi hata baada ya kuzimwa, kisha akaingiza koleo na kumtoa mjusi kafiri aliyekaukia juu ya transfoma, bapa kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

"Huyu naye alipenda muziki," akasema.

Nikatoka nje kutapika. Chumba chenyewe ndimo nilimokuwa nikilala.

Nilihamia kwake baada ya kumaliza chuo, kwa sababu nyumbani Kileo hakuna ofisi ya kupeleka barua ya maombi ya kazi, na Same angalau ziko kadhaa. Mama mdogo alinipokea vizuri, ila alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kwamba takataka zake haziingii sebuleni. Kwa hiyo mimi na takataka tuliwekwa chumba kimoja. Zilikuwepo mbili nilipofika: hiyo ya Lembeni, na nyingine ya Makanya iliyokaa miaka kwenye stoo ya mtu anayechimba jasi. Ya Makanya ilikuwa nyeupe kila mahali, unga umeingia hadi kwenye nyuzi za kitambaa cha mbele, na ukiitikisa vilidondoka vifuko vya mayai ya mende, vya kahawia, vimebanana kama maharage kwenye ganda. Nililala nimevaa barakoa niliyobakiza tangu wakati wa corona. Nilisoma kwenye simu magonjwa yote yatokanayo na mkojo wa panya, kisha nikasoma dalili zake, kisha nikawa nazo zote. Nilinawa mikono hadi ngozi ya vidole ikapasuka, halafu nikawaza kama mipasuko hiyo si mlango mpya wa vijidudu.

Nisingevumilia hata wiki kama nisingejua sababu ya baba mdogo. Kabla sijazaliwa alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya muziki wa dansi iliyokuwa ikizunguka vituo vya reli na mashamba ya mkonge. Sasa anauza vipuri vya baiskeli, na masikio yake yanaziba. Daktari mmoja Moshi alimwambia kwamba sauti za juu zimekwisha kuondoka, kwamba nyingine zitafuata, na kwamba kelele za ujanani zimechangia. Baba mdogo hakuuliza dawa. Aliuliza ana muda gani. Daktari akasema hawezi kujua.

Basi alitaka kitu kimoja: kusikia tena amplifaya ya bendi yao kabla masikio hayajafunga kabisa. Bendi ilipokufa iliuzwa kwa kwaya ya kanisa huko milimani, na hakuna aliyekumbuka kanisa gani. Kwa kuwa hakujua ilipo, akaanza kukusanya ndugu zake, za aina ile na umri ule, akiamini moja yao inaweza kutoa sauti ileile.

Na kwa kuwa masikio yake hayaaminiki, alitumia yangu. Utaratibu haukubadilika. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa nimempa mgongo, nisione ni amplifaya ipi imewashwa. Alipiga kipande kilekile cha gitaa kwenye moja, kisha kwenye nyingine. Nilitakiwa kueleza nilichosikia. Ya Makanya nilisema inakwaruza kama kijiko kinachokomba ukoko. Ya Lembeni ilikuwa safi zaidi, lakini nyembamba. Alipenda maelezo ya namna hiyo. Kisha lilikuja swali ambalo nilianza kulichukia kuliko mende.

"Unasikia uzi?"

Alimaanisha ule mlio mdogo sana wa kidole kugusa uzi wa gitaa, kabla noti yenyewe haijajaa. Mimi niliusikia kwenye zote mbili. Yeye hakuusikia kwenye yoyote. Kila nilipogeuka kusema ndiyo, nausikia, alitikisa kichwa polepole na kuangalia vidole vyake, nami nikajiona kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa, tena analamba vidole. Nilijaribu siku moja kusema siusikii. Akanitazama, akasema jana kwenye amplifaya hiyohiyo niliusikia. Tangu hapo nikawa nasema ukweli, na ukweli ukawa unanitia kichefuchefu.

Alikuwepo kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaotafuta mashine kama hizo, wa Arusha, Dar na kwingine. Alinipa simu nimsomee kwa sababu maandishi ni madogo. Sikupenda nilichosoma. Walitumiana picha za matumbo ya amplifaya zilizofunguliwa na kuziita mizigo. Kuna mzee mwanamuziki alifariki, na kabla hajazikwa mmoja aliuliza marehemu kaacha vyombo gani na ni nani wa kuongea naye. Wengine wakamjibu kwa vidole gumba. Nikamsomea baba mdogo. Akachukua simu, akajitoa kwenye kundi, na kwa siku kadhaa nilidhani mambo yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu mteja mmoja wa vipuri alimwambia kwamba kanisani kwao, upande wa Mbaga, waliwahi kuwa na sanduku la kupazia sauti ya gitaa lililonunuliwa kwa wapiga dansi, na kwamba mjane wa mwalimu wa kwaya bado analo.

Tulipanda na pikapu iliyokuwa imeshusha tangawizi mjini, ikirudi mlimani na saruji. Baba mdogo alikuwa amepakata spika mpya ya bluetooth yenye taa za rangi, ya kubadilishana. Njia nzima niliwaza. Je, kama si yenyewe? Je, kama ni yenyewe lakini imekufa? Je, kama ni yenyewe, ni nzima, halafu hasikii? Hilo la tatu lilinifanya nifungue dirisha licha ya vumbi.

Mjane mwenyewe, bibi wa makamo ya uzee, alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo zetu, akaitikia marahaba, akamtazama baba mdogo na kusema anamkumbuka, alikuwa na nywele nyingi. Kuhusu sanduku hakuwa na shida, wazee wa usharika walikwisha kukubali litoke kwa kuwa kwaya siku hizi inatumia kinanda. Ila hakutupeleka sebuleni wala stoo. Alitupeleka jikoni.

Jiko lilikuwa jengo la peke yake, na juu ya mafiga palikuwa na dari la miti ambapo mahindi ya mbegu yalining'inia yakiwa meusi. Katikati ya mahindi hayo, kama mwenzao, palikuwa na sanduku. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja ndani yake.

Baba mdogo alishika mlango. Sidhani kama alipanga kuushika.

Bibi aliona nyuso zetu akatueleza kwa utulivu. Mumewe kabla hajafa alimwambia atunze kitu hicho, vijana watakihitaji siku moja. Sasa kitu cha kesho kinatunzwa wapi? Mbegu ukiiweka chumbani inaliwa na dumuzi. Juu ya moshi hakuna mdudu anayethubutu. Akaweka na majivu ndani, kama anavyofanya kwa maharage. Na kila baada ya mavuno alilishusha, akalifuta, akaipaka mafuta ya nyonyo ile ngozi nyeusi ya ndani.

"Ngozi ipi, bibi?" baba mdogo akauliza.

"Ile ya duara. Inayolia. Ngoma isipopakwa mafuta si inapasuka?"

Ile ya duara si ngozi. Ni karatasi ya spika, na karatasi hiyo inatakiwa iwe kavu na nyepesi ili itetemeke vizuri. Niliijua kwa sababu baba mdogo alikwisha kunionyesha kwenye zile mbili. Nilimtazama nikisubiri amwambie. Alimshukuru tu, akasema hakuna mwanamke aliyewahi kukitunza kitu chake namna hiyo, na kwamba mkewe asije akasikia.

"Mmekuwa matajiri ninyi wa bondeni," bibi akasema, "mpaka mnapanda mlima kuokota masizi." Kisha akaiwasha ile spika mpya, taa zikaanza kukimbizana, akaitazama kwa mashaka. "Hii yako inawaka kama baa. Nitaifunika na kitambaa."

Tulilishwa makande palepale. Wakati vijana wa jirani wanalishusha sanduku, kipande cha kitu cheusi, chenye kung'aa, kilianguka kwenye bakuli langu. Sikujua kama ni lami ya moshi au mdudu. Bibi alikuwa ananiangalia. "Msomi wenu anaogopa moshi," akasema. Nikala kukizunguka, halafu hakikuonekana tena, na mpaka leo sijui kilikwenda wapi, ingawa ninadhani ninajua.

Ilikuwa yenyewe, baba mdogo aliitambua mara iliposhushwa, na kuisafisha kulituchukua siku nyingi uani. Masizi yalikuwa yameshikana na mafuta yakawa utomvu mzito, tuliukwangua kwa wembe na mafuta ya taa, ukatoka kwa vipande laini kama gamba la kidonda ambacho hakijapona. Ndani tulikuta majivu, pumba, punje za mahindi, na mende waliokaushwa wazima wazima, wamekunja miguu kwa adabu. Harufu ilikuwa ya mbuzi aliyebanikwa, ya samli iliyochacha na ya kitu kingine kitamu kilichonisumbua zaidi, kwa sababu kila mara tumbo langu liliitikia kama vile ni chakula. Mashati yangu yalinuka. Nilikwenda kwenye usaili wa kazi nikinuka. Mmoja wa waliokuwa wakinihoji alifungua dirisha, nami kwa wiki nzima nilichambua namna alivyolifungua.

Baba mdogo alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zilizokuwa zimevimba, na kutumia valvu za ile ya Lembeni. Spika aliiacha. Nilimuuliza kama tusifunge ya Makanya, ambayo karatasi yake ni kavu. Akasema asikie kwanza.

Tulijaribu alasiri moja mama mdogo akiwa sokoni. Nilikaa kwenye kigoda, nikampa mgongo, ingawa safari hii nilijua ni ipi. Ilipopata joto, moshi wa miaka yote ulianza kutoka kwenye mbao, chumba kikanuka jiko la mlimani, kitandani kwangu, kwenye neti yangu, kwenye vyeti vyangu ndani ya bahasha. Nikabana pua. Kisha akapiga.

Sauti ilikuwa nzito na ya chini. Ilitoka taratibu, kama uji unaochemka, ikakaa hewani bila kona yoyote. Nilisikiliza nikitafuta kile kimlio cha kidole kwenye uzi. Hakikuwepo. Nilidhani nimekosea, nikamwomba arudie. Akarudia. Nyonyo na masizi vilikuwa vimeinywesha karatasi ya spika hadi sauti za juu zote zikazama. Amplifaya ya bendi yake ilikuwa imeziba, na imeziba palepale alipoziba yeye.

Niliwaza haraka mambo mengi. Kwamba nikisema uzi upo, atafurahi na atakuwa amedanganywa. Kwamba nikisema haupo, nimemwambia kitu alichokitafuta kimeharibiwa na mapenzi ya bibi. Kwamba spika ya Makanya ingerudisha sauti za juu ndani ya nusu saa, nami ningezisikia peke yangu.

"Unasikia uzi?"

"Hapana, baba mdogo. Haupo. Spika imekunywa mafuta."

Nikageuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku.

"Huusikii kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo unachokisikia wewe hapo ndicho ninachokisikia mimi."

Nikafikiria, kwa sababu sikutaka kukosea. "Ndicho."

Alipiga tena, kipande kirefu ambacho hakuwahi kunipigia, na safari hii hakuniuliza kitu. Nilikaa nikisikiliza nikiwa nimebana pua kwa ukosi wa shati, ukosi nao ukinuka vilevile. Alipomaliza aliniambia ile ya Lembeni na ile ya Makanya nizitafutie watu wa kuzichukua, chumba kipate nafasi.

"Na spika?" nikauliza.

"Usiiguse."

Amplifaya ipo hapa ninapoandika, mguuni mwa kitanda. Baba mdogo huipiga kila alasiri akifunga duka, nami hukaa kwenye kigoda, siku hizi nikiwa nimemgeukia. Siku za joto lami iliyobaki kwenye viungo vya mbao hulainika na kudondoka sakafuni, tone jeusi moja baada ya jingine, na ninayafuta kwa karatasi kabla mama mdogo hajayaona. Karatasi hizo nazo zinanuka. Sijapata mahali pa kuzitupa ambapo harufu haitarudi.