Jirani wa Kusema Khalas

Tangu nirudi mtaani kwetu Kator na shahada yangu, swali moja limeninyima usingizi: binti aliyesomeshwa kwa karanga alizokaanga mama yake, anaweza kumwambia mama huyo aache kumpiga mjukuu? Dada yangu anafanya kazi Rejaf, mtoto wake ametuachia sisi. Na Mama bado anaamini alichoamini.

Zamani, rafiki yangu, ua wetu ulikuwa wa matete, na nyuma yake jirani alipika kisra, ile mikate myembamba ya mtama. Harufu ya unga uliochacha ukigusa chuma cha moto ndiyo iliyotuamsha. Mama alikuwa akisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," kisha fimbo inashuka. Nasi tulilia kwa nguvu, tukiyaelekea matete, maana ndiyo iliyokuwa desturi: mzazi hupiga, jirani huja kuombea.

"Khalas, dada, yatosha!" jirani aliita, mikono imetapakaa unga. "Ukimmaliza huyu, maji utachota wewe?"

"Mchukue, awe wako!"

"Lete basi! Kwangu kisra ipo."

Mama alicheka bila kutaka, na fimbo ikachomekwa tena kwenye nyasi za paa.

Kisha vita vikaingia mjini. Jirani akakimbilia Uganda, na Mama akapata imani mpya: mtoto asiyeogopa fimbo hataogopa risasi. Siku niliyotoka nje kuokota maganda ya risasi, alinipiga. Nililia nikiyaelekea matete. Kimya. Nikamwona Mama naye akitazama kule huku mkono ukipanda na kushuka, kama mtu anayengoja. Hakuja mtu. Alikoma mkono wangu ulipovunjika, na hadi leo haunyooki. Alilia kuliko mimi.

Sasa pale palipokuwa na matete pana ua wa mabati. Jirani hakurudi, na waliohamia hatujui hata majina yao. Nimepima kila neno la heshima ambalo ningemwambia Mama, nimeyachoka yote.

Jana mtoto alimwaga mafuta ya kupikia. Fimbo ikashuka. Akalia, uso umeyaelekea mabati. Mama alipoinua mkono tena, nilisimama katikati yao.

"Khalas, Mama."

Mkono ukabaki juu. "Wewe nani wa kuniambia mimi?"

"Jirani," nikasema.

Mkono wake ukashuka taratibu. Nikaipokea fimbo, nikaivunja, nikaitia motoni chini ya maharagwe.