Kano ya Osla Halcrow

Februari 21. Upepo wa kusini-mashariki tangu alfajiri, mvua ya mawe mara tatu kabla ya saa sita, na feri kati ya kisiwa chetu cha Yell na kisiwa kikubwa hazikutoka siku nzima. Siku hiyo, saa nne na nusu asubuhi, kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa shemeji yangu Osla kiliacha kumtii kwa mara ya pili.

Osla ni mke wa kaka yangu Lowrie. Nyumba zetu zinatazamana na ua ni mmoja. Ana miaka hamsini na tisa, na amefuma sufu tangu akiwa na minne. Watu wa hapa hawamsifu kwa mikono mizuri, maana hiyo kila mwanamke wa kisiwani anayo. Wanasifu kasi yake. Sweta ya mtu mzima, yenye nyota na mawimbi ya rangi saba, huimaliza kwa siku tisa. Kwao, mtoto aliyekutwa amekaa mikono mitupu aliulizwa kama anaumwa.

Januari 14 dhoruba iling'oa kioo cha barazani, naye akakidaka kama mtu anavyodaka sahani. Kilimkata kiganjani, chini kidogo ya kidole. Damu haikuwa nyingi. Kilichomtisha ni kwamba alipokunja ngumi, vidole vingine vilikunjika na kile kikabaki kimenyooka, kama kinamwonyesha mtu mlango.

Alishonwa kesho yake, hospitalini mjini. Siku chache baadaye nilimpeleka kwa Ishbel, mtaalamu wa mikono, mwanamke mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimfungia gango la plastiki upande wa nyuma wa mkono, kutoka karibu na kiwiko hadi ncha za vidole, kifundo na vidole vyote vimeinamishwa. Viliweza kusogea kuelekea kiganjani, lakini kunyooka havikuweza.

"Mama Osla, shika hapa kwa mkono mzuri," Ishbel alisema, akijigusa mwenyewe kigashani, chini ya kiwiko. "Sasa mimi nakunja kidole. Umesikia kitu?"

"Kinatembea huko juu."

"Ndiyo msuli huo. Kidoleni hakuna msuli hata mmoja. Anayevuta anakaa huku juu, na kano ndiyo kamba yake: inapita kifundoni, inaingia kiganjani, halafu inapenya chini ya vipete vidogo vinavyoibana kwenye mfupa. Msuli ukijikaza, kamba inavutwa, na kiungo kimoja baada ya kingine vinakunjika. Kukinyoosha ni kazi ya kano nyingine, za mgongoni mwa mkono. Upande mmoja ukivuta, wa pili unalegea."

"Na yangu?"

"Zako zilikuwa mbili, zimekatika zote. Zimeungwa kwa uzi mwembamba kuliko wa shali zenu. Ukiziacha bila kusogea, zitagandamana na njia yake. Ukizivuta kwa nguvu, zitaachana. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili, mara kumi, taratibu. Na wiki sita usishike kitu. Hata kikombe. Hata barua."

"Kwa hiyo nikitulia nimekosa, nikijisogeza nimekosa," Osla alisema.

"Ni hivyo," Ishbel alisema, na hakucheka.

Wiki zile hazikuwa na mlango. Giza lilikuwa likiingia saa kumi, upepo haukutulia, na Osla alikuwa kitini kando ya jiko, akiuangalia mkono ule. Lowrie alimpikia, alimfunga vifungo, alimchana nywele.

"Unanichana kama kondoo wa maonyesho," alimwambia siku moja nikiwepo.

"Kondoo wa maonyesho anasimama kimya."

"Na supu hii umeipika au umeiogea?"

"Kula, bibi. Nikiona jaji anakuja nitakuambia."

Walicheka kidogo. Lowrie alipotoka kwenda kuwapa kondoo nyasi, Osla aligeukia dirisha. "Shemeji," aliniambia, "usiku naota nafunga kamba za viatu. Basi. Ndoto nzima ni hiyo."

Februari 10 nilipita uani saa tano nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa anafuma. Kwetu wanawake huvaa kiunoni mkanda wa ngozi wenye kijimto kilichotobolewa vishimo. Sindano ya kulia huchomekwa humo na kusimama yenyewe, na mkono wa kulia unabaki na kazi ya kurusha uzi tu kwa kidole cha shahada. Ndivyo bibi zetu walivyoweza kufuma huku wamebeba mgongoni makapu ya kuni za udongo, yaani udongo wa kinamasi uliokaushwa. Niliingia. Hakuficha.

"Sishiki kitu," alisema. "Angalia. Mkanda ndio unaoshika. Gango sijalifungua. Kidole kinachezacheza tu, na si wamesema kichezeshwe?"

"Lowrie anajua?"

"Lowrie anajua kondoo."

Nilimtazama akifuma mistari miwili. Gango lilimpunguzia kasi, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa karibu mwezi mzima. Niliona hoja yake ni sawa. Mkanda ulikuwa unashika kweli. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mrusho mmoja ni mvuto mdogo wa ile kamba, na sweta moja ina mirusho makumi ya maelfu. Sikumwambia kitu, na kaka yangu pia sikumwambia. Hili naliandika kwa sababu ni kweli.

Tarehe 21 zilikuwa zimebaki siku tano gango lifunguliwe. Donge la sufu lilikwama chini ya mguu wa kiti, naye akauvuta uzi kwa kidole, kama alivyouvuta maisha yake yote. Alisikia kitu kimekatika. Kwanza aliangalia uzi, kutafuta ulipokatikia. Uzi ulikuwa mzima.

Nilipoitwa, Lowrie alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Kunja," alikuwa akimwambia. "Hebu kunja, mpenzi."

"Nakunja, Lowrie. Huku juu nakunja." Kwa mkono wa kushoto alijishika chini ya kiwiko. Msuli ulikuwa unajikaza pale, tuliuona. Kidole hakikutikisika.

Ishbel alizungumza kwa simu, na Lowrie aliweka spika ili sote tusikie. Hakugomba. Alisema msuli hauna cha kuushikilia sasa, na kila siku utaivuta ncha ya kano juu zaidi. Akifika mapema, huenda wakaiunga tena. Akichelewa, itabidi wachukue kano nyingine kifundoni waitie kiraka. Kwa vyovyote vile, gango upya, wiki zile zile, bila ahadi. Au aache, na kidole kibaki kimenyooka.

"Feri hazitoki," Lowrie alisema.

"Basi zikitoka."

Wakati wa chai Lowrie alisema kidole ni kimoja tu, wapo watu wanaoishi bila mguu.

"Umeshanichana nywele wiki tano," Osla alisema. "Utaweza nyingine?"

"Nitaweza. Wewe je?"

Osla aliomba asaidiwe kuvua mkanda. Mimi nilimwambia Lowrie nilichokiona tarehe 10. Kaka yangu alinitazama, kisha akaendelea na kifungo cha mkanda.

Februari 22. Upepo wa magharibi, wa wastani, kavu. Osla alipanda feri ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu. Alikataa Lowrie amsindikize, kwa sababu ya kondoo. Alikaa dirishani peke yake, mkono wa kulia ameuinua juu ya usawa wa moyo, na wa kushoto akiushikilia kiwikoni usichoke.