Kikopo Kisicho na Jina

Juzi, kwenye zahanati moja ya binafsi pale Magomeni, Kilosa, nilimwona mama mmoja akitoa kikopo chini ya kanga na kukisukuma dirishani bila neno. Kilikuwa na choo, cha kupimwa vidonda vya tumbo. Akarudi kwenye benchi, akajifunika hadi puani. Mkwewe, mume wa bintiye, aliyemleta kutoka Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, alikaa benchi la mbali na kumpa mgongo, kama adabu inavyotaka.

Baadaye mpimaji akachungulia. "Hiki kikopo hakina jina. Choo cha nani? Kina bakteria wa vidonda vya tumbo."

Sote tukatazama sakafu. Mama akaikaza kanga.

"Mwenyewe asipojitokeza, dawa simpi mtu."

Mkwe akasimama. "Ni changu, dokta."

Akapewa dawa na maelezo, naye akayarudia kwa sauti ya mnadani: "Kutwa mara mbili? Hata maumivu yakiisha, nisiache mpaka zimalizike?"

"Ndiyo, bwana, lakini mbona unapiga kelele? Mimi si kiziwi."

Mkwe akaiacha bahasha ya dawa kwenye benchi lake, akatoka nje bila kugeuka. Mama akainuka, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Biashara huria imetuletea zahanati na vipimo vya wadudu wasioonekana kwa macho. Pazia la dirishani bado halijafika. Kwa sasa tunasitiriwa na wakwe.