Siku Nilipoliinamisha Ziwa

Heri niseme mwenyewe kabla mtu wa Kendu Bay hajanisemea: mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza, tai shingoni, nikawaambia wenye ziwa lao upuuzi ambao hata bata angeucheka.

Ni ile miaka ya sitini ziwa lilipopanda. Ofisi ya maji ilitukusanya vijana wa hesabu kwenye ukumbi mmoja Homa Bay, tuliige ziwa kwa karatasi, mwezi baada ya mwezi, tujue maji yatafika wapi. Meza tatu: ya Kendu, ya Mfangano, ya Karungu. Kila meza ikimaliza mwezi mmoja wa upande wake inawapa wenzake kikaratasi cha kusema maji yake yamefika wapi, na hakuna kuanza mwezi mwingine kabla vikaratasi havijakamilika. Mashine za hesabu, zile za kuzungusha kwa mkono, zilikuwa mbili tu, na mgawaji wa mashine na vikaratasi nilikuwa mimi (cheo hicho, msicheke).

Sasa siku ya mwisho meza ya Karungu ikachelewa, baraza ni kesho, na mimi kuona mashine imekaa bure ni kama kutiwa pilipili machoni, basi nikawaambia wa Kendu, "Nyinyi endeleeni na kikaratasi cha zamani cha Karungu, hao watatukuta mbele," wakaendelea mpaka mwezi wa sita wa hesabu, na mimi natembea katikati ya meza kifua mbele nikisikiliza mashine inavyolia.

Kesho yake nikatangaza: "Kendu, futi tatu! Banda la samaki libomolewe." Banda lenyewe, hapo hapo kando ya baraza, akina mama walikuwa wamelijenga kwa mikono yao, mabati bado yanang'aa. Mmoja wao akapanda paani na nyundo. Hapo Mama Akinyi, mkubwa wa wauza samaki, akainuka.

"Nyathina, mwanangu, na Karungu je?"

Nikasoma kwa madaha, "Karungu, inchi mbili."

"Yawa! Kendu futi tatu, Karungu inchi mbili? Si ziwa ni moja? Nani ameliinua upande mmoja?"

Baraza zima likaangua kicheko, chifu akavua kofia ajipepee, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Kumbe Kendu walikuwa mwezi wa sita, maji yao yakirundikana tu kwa kuwa kikaratasi cha zamani hakikuyapa pa kwenda, Karungu bado wako wa kwanza, nami nimewasoma pamoja!

Ningeweza kusingizia mashine. Nikasema, "Mama, makosa ni yangu. Mwambieni ashuke, msibomoe, nipeni siku mbili." Tukarudia yote, kila meza ikiwangoja wenzake, mashine ikikaa bure nami nimekalia mikono yangu. Ikatoka inchi tisa, pande zote. Na maji yakaja kweli, jamani, yakafika kwenye ngazi ya banda yakakoma hapo hapo! Vijana wangu wale, kwa penseli na mashine mbili!

Mama Akinyi alituletea samaki wakavu, kila meza fungu lake, langu likiwa na ujumbe: "La yule aliyeinamisha ziwa." Huko Kendu naitwa jina hilo mpaka leo, na naitika. Lakini tangu siku ile, kama kikaratasi cha Karungu hakijafika, mimi siendi popote.